Ratiba za taa na pampu bila kompyuta: iachie kontrola kazi yote

Kuna watu wana kompyuta inanguruma pembeni ya sebule usiku na mchana, na ukiuliza inafanya nini utaambiwa inawasha taa za nje jioni na kuzizima asubuhi, basi. Siku kompyuta ikijizima ili ijisasishe, au ikiganda tu, taa nazo hazijui la kufanya. Huo ni mzigo wa bure, kontrola, yaani kifaa kidogo cha kuamrisha vingine kinachoenea kiganjani, inaweza kushika ratiba ya nyumba nzima peke yake, ila lazima uipange vizuri toka mwanzo, na kuna sehemu kama tatu hivi ambazo watu wengi wanaziruka halafu baadae wanalaumu kifaa.

Wazo lenyewe la zamani sana. Mfumo wa X10 uliotengenezwa na Pico Electronics ya Glenrothes, Uskoti, mwaka 1975 ulikuwa unapitisha amri kwenye nyaya hizihizi za umeme wa nyumba kwa masafa ya 120 kHz, una anuani 256 (herufi A mpaka P, kila herufi na namba 1 mpaka 16), na baadae kikaja kifaa chake kinaitwa CM11A, unakipakia ratiba kutoka kwenye kompyuta, unachomoa waya wa kompyuta, kinabaki kwenye soketi kinaendesha mambo chenyewe huku betri mbili ndogo zikishikilia saa umeme ukikatika. Vifaa vimebadilika, kanuni bado ni ileile: ratiba ikae kwenye kumbukumbu ya kontrola, sio kwa mtu mwingine.

Hatua ya 1: jua ratiba yako inakaa wapi sasa hivi

Kabla hujanunua kitu kipya pima ulichonacho. Panga ratiba moja ya majaribio, mfano taa iwake baada ya dakika kumi, halafu zima kompyuta, kisha nenda kwenye ruta uchomoe waya unaoleta intaneti ila waifai uiache hewani. Subiri. Taa ikiwaka kwa wakati, ratiba ipo ndani ya kifaa au ndani ya kituo chako cha hapohapo nyumbani. Isipowaka ina maana ni ile kompyuta uliyoizima, au kuna seva ya mtu huko mbali ndio inayokumbuka kwa niaba yako, na siku wakiifunga hiyo seva au intaneti ikizingua, swichi yako ya kisasa inageuka swichi ya kawaida ya ukutani.

Hapa vituo vya Zigbee na Z-Wave (aina mbili za redio za vifaa vya nyumbani) vinachanganya watu, kwa sababu redio yenyewe ni ya ndani, haihitaji intaneti hata kidogo, kwa hiyo mtu anajua yuko salama, kumbe kituo kinapokea ratiba kutoka nje. Usiamini maandishi ya kwenye boksi, amini ule waya uliouchomoa.

Hatua ya 2: chagua kontrola

Kwa mtu asiyetaka kuona kompyuta hata kwa mbali, njia nyepesi kuliko zote ni taima ya kufunga kwenye boksi la umeme, ile ya vitufe na kiskrini, na zipo zinazojua kuchwa na kuchomoza kwa jua. Ina kazi moja na inaifanya miaka na miaka. Kama una taa za nje tu, ishia hapo, kweli kabisa, hamna sababu ya kujitafutia kazi.

Ukitaka mantiki zaidi, yaani pampu isiwake kama tenki limejaa, au feni ianze dakika mbili baada ya taa, kuna hizi relei (swichi zinazoamrishwa kwa umeme) zenye akili za viwandani kama Siemens LOGO!, ambazo unazipanga kwa vitufe vya mbele yake, hapohapo ukutani. Chukua yenye skrini maana ipo pia isiyo na skrini, na hiyo huwezi kuipanga kwa vidole. Taima yake ya wiki ina nafasi tatu za kuwasha na kuzima, kila nafasi unaichagulia siku zake. Kuandika programu ndefu kwa vile vitufe kunachosha, sikufichi, ila ikishakaa imekaa.

Njia ya tatu, ambayo ndio nitaizungumzia kwa kirefu kwa sababu ndio inayotumika sana majumbani, ni swichi na plagi za waifai zenye chipu ya ESP8266 au ESP32 zinazoendeshwa na programu ya Tasmota. Hii ina taima 16 ndani ya kila kifaa, hesabu ya jua, na kanuni ndogondogo, vyote unavipanga kwa brauza ya simu. Vipo vifaa vinavyouzwa vikiwa na Tasmota tayari, chukua hivyo, la sivyo itabidi uazime kompyuta ya mtu mara moja kuiingiza na baada ya hapo hutaihitaji tena.

Halafu kuhusu uzito wa mzigo. Relei iliyoandikwa 10A haimaanishi uitundike pampu ya 10A, motor ikianza inavuta mara kadhaa ya mkondo wake wa kawaida, mikono ya relei inaungana kwa joto na pampu haizimiki tena hata uamrishe nini. Pampu, hita na viyoyozi vipitishie kontakta, yaani relei kubwa ya mizigo mizito, relei ndogo iwe inaamrisha kontakta tu. Na kama hujui kufunga kontakta mwite fundi umeme, hapa sio pa kujifunzia kwa video.

Hatua ya 3: kalamu na karatasi kwanza

Najua unataka kushika simu, ila subiri. Andika kila kitu kinachowaka, kinawaka saa ngapi, siku zipi, na kinazimwa na nini. Hilo la mwisho ndilo la maana kuliko yote. Kila WASHA iwe na ZIMA yake, na kama ni kitu cha hatari iwe na ZIMA mbili.

Andika saa kwa mtindo wa saa 24 kabisa toka kwenye karatasi. Saa kumi na mbili na nusu jioni ni 18:30, saa moja asubuhi ni 07:00, saa sita usiku ni 00:00. Ukiandika kwa mazoea yako ya kawaida halafu ukaja kugeuza kichwani wakati unabonyeza, lazima mahali fulani utaandika 01:00 ukimaanisha saa moja jioni, na taa itawaka watu wamelala.

Sasa angalia mtego huu. Unataka taa ya ofisini kwako nyumbani iwake 18:30 na kuzimwa 06:00, Jumatatu mpaka Ijumaa. Unaweka taima zote mbili Jumatatu mpaka Ijumaa, inaonekana sawa kabisa. Ijumaa 18:30 taa inawaka. ZIMA inatakiwa ije 06:00 usiku wa kuamkia Jumamosi, lakini Jumamosi hukuichagua, kwa hiyo taa inaendelea Jumamosi yote, Jumapili yote, mpaka Jumatatu 06:00, saa 59 na nusu mfululizo. Ratiba yoyote inayovuka saa sita usiku, siku za kuzima zisogeze mbele siku moja: kuwasha Jumatatu mpaka Ijumaa, kuzima Jumanne mpaka Jumamosi. Au fanya rahisi, ZIMA iweke siku zote saba, kuzima kitu ambacho tayari kimezimwa hakumdhuru mtu.

Hatua ya 4: saa ya kifaa

Ratiba ni saa. Kontrola isiyojua ni saa ngapi haina ratiba hata ungeipangia taima mia.

Vifaa vya ESP havina saa yenye betri. Vikikosa umeme vinasahau wakati kabisa, vikirudi vinauliza kwenye mtandao kupitia itifaki ya NTP, na mpaka vijibiwe, taima hazifanyi kazi. Kwa hiyo hata kama ratiba ipo ndani, kifaa bado kinahitaji kuuliza saa kila kinapowashwa upya, tofauti na taima za ukutani zenye betri yake. Kama kwako intaneti inaweza kupotea siku nzima na umeme pia unakatika, hivi vitu viwili kwa pamoja vitakuumiza, na hapo ni bora kontrola yenye saa ya betri. Kwa wale wanaojiundia vifaa wenyewe, chipu ya saa ya DS3231 ndio ya kutafuta, inapotea sehemu 2 tu kwenye kila milioni, ambayo ni kama dakika moja kwa mwaka. Ila angalia, zile bodi ndogo za bei nafuu za DS3231 nyingi zina sakiti ya kuchaji betri, ukiweka betri ya kidonge ya CR2032 ya kawaida isiyochajika na ukailisha volti 5 unaichaji betri isiyotakiwa kuchajiwa. Ilishe 3.3V au kata njia ya kuchaji.

Sasa shika simu. Tasmota ikiwa mpya inatoa waifai yake yenye jina linaloanza na tasmota, ungana nayo, fungua brauza kwenye 192.168.4.1, chagua waifai ya nyumbani na weka nywila yake. Kifaa kitahamia kwenye mtandao wako na kukupa anuani mpya, iandike pale kwenye karatasi. Ingia kwa anuani hiyo, nenda kwenye ukurasa wa Console, na andika majira yako, mfano kama uko saa 3 mbele ya UTC (saa ya kimataifa):

Timezone 3

Usiporekebisha, inakuja imewekwa saa 1 mbele ya UTC, na mtu anabaki anashangaa taa zinachelewa au kuwahi kwa masaa kamili. Ukiona kosa la saa kamili, moja, mbili, tatu, jua ni majira hayo, usihangaike kubadilisha taima. Kwa nchi zinazosogeza saa kiangazi na kipupwe tumia Timezone 99 pamoja na kanuni zake za TimeDst na TimeStd.

Halafu ya pili ambayo karibu kila mtu anairuka: mahali ulipo. Tasmota ikitoka kiwandani inajua iko Paris, kwenye mnara wa Eiffel kabisa, sio utani. Kwa hiyo ukipanga taa iwake jua likichwa bila kuweka mahali pako, inapiga hesabu ya jua la Paris. Chukua namba zako kwenye ramani ya simu, ukibonyeza kwa muda mrefu mahali ulipo zinatokea, weka Latitude na Longitude kwa amri mbili. Kusini mwa ikweta latitudo inaanza na alama ya kutoa, magharibi ya Greenwich longitudo ndio inaanza na kutoa.

Hatua ya 5: kupanga taima zenyewe

Nenda Configuration, halafu Configure Timer. Weka tiki juu pale pa kuruhusu taima zote, maana usipoiweka hiyo unaweza kujaza taima 16 na hakuna hata moja itakayofanya kazi. Kisha kila taima ina tiki yake binafsi, ina tiki ya kurudia, ina siku, na ina tendo: kuzima, kuwasha, kugeuza, au kuita kanuni. Usitumie kugeuza kwenye ratiba. Ikikosa mara moja tu, au mtu akibonyeza swichi kwa mkono, kuanzia hapo kila kitu kinaenda kinyume, mchana taa inawaka usiku inazima.

Ukipenda kuandika kwenye Console badala ya kubonyezabonyeza, taima ya kuwasha dakika 10 kabla ya jua kuchwa kila siku inakuwa hivi:

Timer1 {"Enable":1,"Mode":2,"Time":"-00:10","Window":0,"Days":"1111111","Repeat":1,"Output":1,"Action":1}

Mode 0 ni saa ya kawaida, 1 ni kuchomoza, 2 ni kuchwa. Days inaanza Jumapili, kwa hiyo Jumatatu mpaka Ijumaa ni 0111110. Window ni dakika za kubahatisha, mpaka 15, taa inawahi au kuchelewa kidogo kila siku, nzuri ukisafiri ili nyumba isionekane inaendeshwa na mashine. Kwa walio karibu na ikweta jua linasogea kama nusu saa tu kwa mwaka mzima, kwa hiyo saa ya kawaida inawatosha, lakini kadri unavyokwenda kaskazini au kusini tofauti inafika masaa kadhaa na Mode 2 inakuwa ya lazima.

Hatua ya 6: pampu na vitu vya hatari

Taa ikisahaulika inakula umeme. Pampu ikisahaulika inamwaga tenki au inaungua ikizunguka kavu. Kwa hiyo usiiachie ZIMA ya taima peke yake, weka na kikomo ndani ya relei yenyewe kwa amri ya PulseTime. Namba zake zina kituko: mpaka 111 zinahesabu sehemu za kumi za sekunde, kuanzia 112 unachukua sekunde unazotaka unajumlisha 100. Nusu saa ni sekunde 1800, kwa hiyo:

PulseTime1 1900

Kuanzia hapo, relei ya kwanza ikiwashwa na yeyote, iwe taima, simu au kidole, baada ya nusu saa inajizima. Ongeza:

PowerOnState 0

ili umeme ukirudi pampu ibaki imezimwa. Usipoiweka, kawaida yake inarudi ilipokuwa, yaani kama umeme ulikatika pampu ikiwa inafanya kazi, ukirudi saa nane usiku nayo inaamka. Na bado ule mpira wa kuelea ndani ya tenki usiuondoe, ratiba haijui maji yamefika wapi.

Hatua ya 7: umeme ukikatika

Hapa ndipo ratiba nyingi zinakufia. Taima ya Tasmota ikipitwa na wakati wake hairudi nyuma kulipa deni. Umeme ukiwa umekatika 18:30 na ukarudi 18:40, WASHA ya 18:30 imepita hiyo, utakaa giza mpaka kesho. Suluhisho la kivivu, na linafanya kazi, ni kurudia amri: WASHA 18:30, tena 19:30, tena 21:00. Una taima 16, zitumie. Ubaya wake ni kwamba ukiizima taa kwa mkono saa mbili usiku itawaka tena 21:00, kwa taa ya getini hamna tatizo, kwa taa ya chumbani utagombana na watu.

Suluhisho safi zaidi ni kanuni inayokagua saa kila kifaa kinapoamka na kupata wakati. Dakika zinahesabiwa toka saa sita usiku, kwa hiyo 18:30 ni 1110 na 06:00 ni 360:

Rule1 ON Time#Initialized DO event kagua=%time% ENDON ON event#kagua>1110 DO Power1 1 ENDON ON event#kagua<360 DO Power1 1 ENDON

Kisha iwashe kwa Rule1 1. Inasoma hivi: nikishajua saa, nikague, kama ni baada ya 18:30 au kabla ya 06:00 basi washa. Kwenye kifaa hichohicho weka PowerOnState 0 ili kisiwake mchana bila sababu. Neno kagua ni la kwangu, weka lolote, mradi lifanane kote.

Hatua ya 8: jaribu kwa ukatili

Usisubiri jioni. Weka taima ya WASHA dakika tatu mbele na ZIMA dakika tano mbele, ona zote mbili. Halafu chomoa kifaa, subiri muda wa WASHA upite, chomeka, angalia kama kinawaka chenyewe, ila kwa jaribio la mchana badilisha kwanza ile 1110 ya kanuni iwe dakika za hiyo WASHA ya majaribio, ukimaliza uirudishe. Halafu zima ruta kifaa kikiwa kinafanya kazi, taima inayofuata bado inatakiwa iitike kwa sababu saa ilishaingia na inaendelea kuhesabu. Mwisho zima vyote viwili, washa kifaa peke yake bila ruta, na hapo usitegemee kitu, ndio lile tatizo la saa nililosema, uione kwa macho yako ujue kikomo chake kiko wapi. Kompyuta kama bado unayo, muda wote huu iwe imezimwa.

Ukiridhika nenda Configuration, Backup Configuration, faili linaingia kwenye simu, litunze na jina la kifaa. Kikifa, unanunua kingine cha aina ileile unarudisha faili, umemaliza. Weka pia nywila ya ukurasa kwa WebPassword, vinginevyo mgeni yeyote uliyempa waifai anaweza kuingia kwenye pampu yako. Ile karatasi ya ratiba na anuani ibandike ndani ya mlango wa boksi la umeme, sio kwenye simu yako tu, maana atakayeihitaji siku haupo ni mtu mwingine.

Na siku ukitaka kubadilisha nywila ya ruta, anza na vifaa. Vina nafasi ya waifai ya pili, kwenye Configure WiFi, jaza jina na nywila mpya pale kwanza kwa kila kifaa, ndipo ukabadilishe ruta. Ukianza na ruta vitaendelea kufanya kazi vizuri tu kwa saa viliyonayo, wiki hata mwezi, huoni tatizo, mpaka umeme ukatike mara moja vikose pa kuulizia saa, na utakuwa umeshasahau kama ulibadilisha nywila.